Funguo Mbili Ndani ya Mguu

Nilimpa mwizi neno langu la siri kwa mkono wangu mwenyewe. Hakunipora. Nilimwandikia herufi kwa herufi, nikahakikisha sijakosea, nikabonyeza.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, mikono yangu imepakaa plasta mbichi mpaka viwikoni. Ujumbe ukaingia kwenye simu: nafasi yako imejaa, picha zako zitafutwa leo, bonyeza hapa uthibitishe kuwa wewe ndiye mwenyewe. Nilipoona "picha" na "zitafutwa" akili iliruka. Nikapangusa kidole kimoja kwenye aproni, nikabonyeza. Ukurasa ukafunguka, nembo ile ile, rangi ile ile, ukaniomba neno la siri. Nikalitoa. Ukasema asante, subiri. Nikarudi kwenye plasta yangu, maana plasta haimsubiri mtu.

Nilipomaliza kumimina, ukurasa ulikuwa bado unasema subiri. Nikampigia shemeji.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Anatunza kompyuta za hospitali. Mdomo wake hauna breki, na sina ubavu wa kulalamika, kwa sababu kila kitu changu kinachotumia umeme yeye ndiye anayekijua.

"Shemeji," akasema, "ulipoweka neno la siri, walikuomba ufunguo?"

"Hawakuniomba."

"Akaunti yako ukiingia upya, siku zote inakuomba ufunguo?"

"Siku zote."

"Na leo haikuomba."

"Haikuomba."

Akasema, "Ungekuwa karibu ningekuzaba kibao. Mlango wa nyumba yako una kufuli mbili, unaujua. Leo umefika kwenye mlango wenye kufuli moja, ukaingia tu, na viatu ukavua."

"Kwa hiyo nimeliwa?"

"Umeliwa nusu. Neno la siri analo. Ufunguo hana. Bila ufunguo atabaki barazani. Unazo funguo zako?"

"Ninazo."

Niliamini hivyo kabisa.

Lazima niseme ndani ya hiyo akaunti mna nini, maana wengine watadhani ni picha za harusi. Kazi yangu ni kutengeneza miguu ya bandia. Sikusoma, niliacha shule darasa la sita nikaenda kumshikia mzee mmoja ndoo ya plasta, na plasta ndiyo imenilea. Kila mguu unaanzia kwenye kigutu, yaani pale mguu wa mtu ulipokatwa ukaishia. Nakipima, nakipiga picha mbele, nyuma na pembeni, naandika jina, uzito na namba ya simu. Baada ya hapo ndipo natengeneza kikombe, kile kinachovaa kigutu, na chini yake nafunga bomba, kisha wayo. Mtu akinenepa au akikonda, narudi kwenye picha zake nione nyama imehama wapi. Zamani mzee aliandika kwenye daftari. Daftari lilinyeshewa. Shemeji ndiye aliyehamishia kumbukumbu zote mtandaoni, watu mia tatu ishirini na saba.

Wengine majirani wanajua. Wengine hakuna anayejua. Yumo mwanamke anayeimba kwenye sherehe, anavaa gauni refu, watu wanamtuza wakidhani anayumba kwa madaha. Yumo mwanamume ambaye mama mkwe wake mpaka leo anajua ana baridi yabisi. Mtu akivua mbele yangu ananionyesha kitu ambacho hata ndugu yake hajakiona. Kabla ya kumpiga picha namwambia, "Hii ni yangu na yako." Namwambia hivyo kila mmoja. Sikuwahi kumwambia yeyote kwamba ni yangu, na yako, na ya mwizi mmoja nisiyemjua.

Sasa funguo. Mwaka uliopita shemeji aliniletea mbili. Kitu chenyewe ni kidogo, hakizidi kipande cha kidole gumba, mfano wa flashi. Unakichomeka kwenye kompyuta, kinawaka taa, unakigusa kwa kidole, mlango unafunguka. Akaniambia uzuri wake ni kwamba kinaujua mlango wake. Ukikipeleka kwenye mlango wa bandia, hata wewe mwenye nyumba ukidanganyika, chenyewe hakidanganyiki, kinakaa kimya. Nikamwambia basi kina akili kuliko mimi. Akasema hilo halina mjadala.

"Mmoja utembee nao," akasema. "Wa pili uuweke mbali, nyumba nyingine kabisa. Ukipoteza huu, unao ule."

Nilisikia. Lakini mimi natembea ndani ya vumbi la plasta. Kuna mwaka funguo zangu za nyumba zilidondoka ndani ya kigutu cha plasta kilichokuwa kinaganda, tukalala kwa jirani, asubuhi nikakivunja kwa nyundo mbele ya mwenye mguu wake. Kwa hiyo nikatafuta mahali pakavu. Kwenye rafu ya karakana ulikuwapo mguu wa maonyesho, ule ninaowaonyesha wageni ili waache kuogopa. Miaka tisa pale pale. Bomba lake liko wazi ndani. Nikazifunga funguo zote mbili kwenye kitambaa, nikazisokomeza humo, nikakaza skrubu. Mke wangu hakuniona. Nilijisifu sana. Nani ataiba mguu mmoja? Na mguu wa bandia hauondoki wenyewe.

Saa tano na nusu ujumbe mwingine ukaingia. Huu nilimrushia shemeji, akauangalia mara mbili akasema ni wa kweli. Ulisema: tumepokea ombi la kuondoa ufunguo kwenye akaunti yako, kwa sababu umepotea. Kama si wewe uliyeomba, ingia kwa ufunguo wako ulizuie. Usipolizuia, ombi litakamilika leo saa kumi jioni.

"Amebisha hodi akasema yeye ndiye mwenye nyumba, na kwamba kapoteza ufunguo," shemeji akasema kwenye simu. "Mjanja huyo. Na neno la siri analo, wanamwamini. Saa kumi wanamfungulia. Shika ufunguo, chomeka, zuia, basi. Dakika mbili."

Nikanyanyua macho kwenye rafu. Kikombe cha maonyesho kilikuwepo, kimekaa peke yake kama kofia iliyokosa kichwa. Chini yake hakuna bomba, hakuna wayo.

"Mama watoto!" nikaita.

Mke wangu anashona mikanda ya miguu kwenye chumba cha pili. Hakusimamisha cherehani. "Nini?"

"Mguu wa rafuni uko wapi?"

"Nimemwazima Kinyonga. Jana ulipokwenda kununua gundi. Wayo wake umepasuka na ana kazi, nikamfungia ule kwenye kikombe chake. Nimekosea?"

"Hukuona kitu ndani ya bomba?"

"Niliona kitambaa. Nikasema ni wewe tu, kila tundu unalisokomeza kitambaa." Cherehani ikanyamaza. Akatokea mlangoni. "Kuna nini, Baba watoto? Mbona umekuwa mweupe? Au ni plasta?"

Nikamweleza. Akakaa kwenye benchi la wateja, akaweka mikono kichwani. Hakunilaumu, na hilo liliniumiza zaidi.

Kinyonga ni mpaka rangi. Tunamwita hivyo kwa sababu ovaroli yake ina rangi ya kila nyumba aliyowahi kupaka. Mguu wa kushoto umeishia chini ya goti. Simu yake ilikuwa imezimwa. Msimamizi wao hukusanya simu asubuhi. Mke wangu alijua kitu kimoja tu, kwamba wanapaka jengo jipya la chuo upande wa pili wa mji. Shemeji hakuweza kutoka kazini kabla ya saa nane. Alinipitia na kigari chake, kompyuta mpakato iko kwenye kiti cha nyuma imefungwa mkanda kama mtoto.

"Zote mbili," akasema tukiwa njiani.

"Ndiyo."

"Mahali pamoja."

"Niliona ni ndugu, wasitengane."

"Ndani ya mguu."

"Shemeji, endesha."

Tulifika saa nane na nusu kupita. Jengo la ghorofa tatu, nusu jeupe, nusu saruji. Watu kama kumi na tano kazini. Kinyonga alikuwa juu ya ngazi, ghorofa ya pili, anavuta rola kwa mkono mrefu, anaimba. Nilimtazama miguu kwanza. Ndiyo desturi yangu. Kasimama vizuri. Wayo wangu wa maonyesho ulikuwa ndani ya kiatu chake.

Msimamizi alitufuata kabla hatujapita lango. Mtu mnene, anachechemea kidogo, sauti ya kuita ng'ombe.

"Mnataka nani?"

"Kinyonga," nikasema.

"Ninyi nani zake?"

Nikisema mimi ni fundi wa miguu, nimeshamwuza. Kinyonga aliniambia miezi saba nyuma, siku aliyopata kazi ile: hapa wakijua, ngazi siioni tena. Na ngazi ndiyo inayolipa.

"Shemeji zake," shemeji akadakia. "Sote wawili."

"Kazini hakuna shemeji. Rudini saa kumi na moja."

"Ni neno moja tu, kaka."

"Hata nusu neno. Jana brashi sita zimetembea hapa. Hakuna anayetoka nje ya macho yangu."

Nikaamua kupaza sauti. "Kinyonga! Shuka kidogo!"

Akatazama chini. "Fundi! Kulikoni?"

"Kile ulichoazima jana, nakihitaji!"

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi!"

"Haiwezekani, nimekisimamia!"

Wenzake wakacheka bila kujua wanachocheka. Kinyonga hakucheka. Alitundika rola, akashuka, mguu wa bandia kwanza na mzima ukifuata, kama nilivyomfundisha. Alipofika chini alinuka rangi na jasho. Nikamvuta hatua tatu kando, msimamizi akitukodolea macho, nikamweleza kwa sauti ya chini. Mimi si mtu wa kuzunguka. Nilimwambia nimefanya ujinga mara mbili: nimempa mwizi neno la siri, na nimeficha funguo ndani ya bomba alilolivaa. Nilimwambia ikifika saa kumi mwizi ataona kila picha na kila jina.

"Nilisikia kitu kinagonga humo ndani," akasema. "Nikadhani ni uzee wa mguu." Kisha akauliza, "Kuzitoa ni kazi kiasi gani?"

"Uvue. Nichane sponji inayofunika bomba, nilegeze skrubu nne, nivute bomba. Dakika kumi na tano na kurudishia."

Akatazama nyuma yake. Uwanja ulikuwa wazi, kokoto na ndoo tupu. Hapakuwa na hata ukuta wa kujisetiri.

"Twende nyuma ya tangi la maji," nikasema.

"Hakuna kwenda popote!" msimamizi akanguruma. Masikio yake yalikuwa mazuri kwa neno "twende" tu.

Shemeji akanionyesha saa yake. Saa tisa na dakika mbili.

Sikumwomba. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia arudi kwenye ngazi, tutafute njia nyingine, ingawa njia nyingine sikuwa nayo. Nisingeweza kulinda siri za watu kwa kumvua mmoja wao hadharani. Yeye ndiye aliyenitangulia.

"Picha yangu imo?"

"Imo."

"Na yule mama mwalimu? Yule tuliyekaa naye kwenye benchi lako, aliyekuwa anajifunika kigutu na kanga hata mbele yangu mimi nisiye na mguu?"

"Naye yumo."

Akavuta pumzi. Akaburuta ndoo ya rangi, akaigeuza chini juu, akaikalia katikati ya uwanja, akakunja ovaroli mpaka gotini.

"Toa," akasema.

Rola zote zilisimama. Nimefanya kazi hii miaka thelathini, na sikuwahi kumvua mtu mguu mbele ya watu. Nilimvua mguu, nikapiga goti kwenye kokoto, nikachana sponji kwa kisu cha mfukoni, nikaanza na skrubu. Sehemu ya juu ilikuwa inanizungukia mikononi, haina wa kuishika. Mikono miwili minene ikaja ikaikamata. Nikainua macho. Alikuwa msimamizi.

"Miezi saba," akasema, akimtazama Kinyonga. "Miezi saba unapanda ngazi yangu na mguu wa bomba."

"Umewahi kuona nimeanguka?"

"Sijaona."

"Aliyeanguka mwezi uliopita ni wewe, mwenye yote miwili."

Mtu mmoja alicheka, kisha wote wakacheka, na msimamizi naye akaguna kitu kilichokuwa karibu na kicheko. Lakini mguu hakuuachia mpaka nilipomaliza.

Kitambaa kikatoka. Nilikifungua kwa meno. Funguo mbili, kavu, safi. Kuhusu ukavu sikuwa nimekosea.

Shemeji alikuwa ameshaweka kompyuta juu ya mfuko wa saruji. Aliandika, akachomeka ufunguo mmoja, taa ndogo ya kijani ikaanza kupepesa. "Gusa," akasema. "Wewe mwenyewe. Ni wako." Nikapangusa kidole kwenye shati, nikagusa.

Mlango ukafunguka. Saa tisa na dakika ishirini na moja. Shemeji akazuia ombi, akabadilisha neno la siri, akaniagiza nigeuke pembeni nisilione, kisha akakumbuka ni langu akaniita nilione. Akakagua kama kuna aliyeingia. Hakuna. Yule mtu alikuwa amejaribu mara tisa tangu asubuhi, na mara zote tisa aliombwa ufunguo akakwama pale pale. Tungechelewa nusu saa tu na kitu, angefunguliwa.

Nilitaka kusema neno kubwa. Lililotoka ni, "Ahsante, Kinyonga."

"Nirudishie mguu wangu, Fundi," akasema. "Kokoto hizi zinachoma."

Nikamfunga, nikakaza, nikamsimamisha, nikamwambia atembee hatua kumi. Akatembea hatua kumi mbele ya watu wote, na mmoja wa wale vijana wa rangi akampigia makofi kama mcheza mpira. Kinyonga akamwambia afunge domo.

Msimamizi akamwita pembeni, lakini sauti yake haina pembeni, tulisikia. "Sikufukuzi. Unapaka vizuri kuliko hawa wenye miguu yote. Lakini ngazini hupandi tena. Ukianguka sasa, nilijua. Zamani sikujua."

Kinyonga akaitikia kwa kichwa. Akachukua brashi, akaenda kupaka chini ya madirisha.

Njiani kurudi shemeji hakunitania. Alipofika kona ya nyumbani akasema, "Ufunguo mmoja nabaki nao mimi. Kwenye droo yangu."

"Chukua."

"Na kile kibao bado nakudai."

"Nakijua."

Jumatano niliketi na simu tangu asubuhi, nikawapigia mmoja mmoja wale ambao siri yao ni kubwa, nikawaambia lililotokea, kwamba mtu alifika mlangoni na hakuingia, na kwamba aliyefungua mlango wa nje ni mimi. Yule mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza aliyejivua uwanjani ni nani. Nikamwambia siwezi kumtaja. Akasema nimfikishie shukrani hata hivyo. Nilimfikishia. Kinyonga akasema, "Nilijua ni yeye atakayeuliza."

Nashukuru. Namshukuru shemeji aliyenilazimisha kuweka kitu nilichokiona ni usumbufu. Nakishukuru chenyewe, kidude cha kipande cha kidole, kilichokaa kimya ndani ya bomba mwaka mzima na bado kikamzuia mtu mara tisa bila hata kuwapo. Namshukuru mke wangu ambaye hajawahi kunikumbusha. Na Kinyonga nimemtengenezea wayo mpya, mwepesi, bora kuliko wote niliowahi kutengeneza. Alitaka kulipa. Nikamwambia ajaribu aone.

Gharama yake ilikuwa hivi. Sponji moja iliyochanwa. Mguu wa maonyesho, maana bomba lake nimemwachia Kinyonga, rafuni kimebaki kikombe kitupu, na wageni wanaogopa upya. Siku kumi na tisa ambazo Kinyonga alipaka chini ya madirisha kwa malipo ya chini, mpaka jengo likaisha. Na jengo lililofuata msimamizi alimwita, lakini ni kwa kazi ya chini tena. Ngazi hajapanda mpaka leo. Walioniamini na picha zao walikuwa mia tatu ishirini na saba. Ambao siri yao bado ni yangu na yao ni mia tatu ishirini na sita.